Nyumba yangu nayo ikaguliwe

Mhariri,

Ninaishi Surrey, jimbo la British Columbia, Kanada. Nyumbani mwangu nawatunza wanaume wawili wenye ulemavu wa akili, wote watu wazima, na hakuna aliye ndugu yangu wa damu. Fedha hutoka serikalini, shirika hunipa mkataba, nami huwapa chumba, chakula, dawa na ulezi wa mchana na usiku. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo wenzangu wanaofanya kazi hii hii, na wapo wasomaji wako ambao watoto au ndugu zao wamewekwa katika nyumba za namna hii. Ndiyo maana lalamiko langu nalileta kwako, kwa Kiswahili.

Katika jimbo hili, nyumba inayotunza watu wazima watatu au zaidi wasio jamaa wa mwenye nyumba haipokei mtu bila leseni, na wenye kutoa leseni hutuma wakaguzi. Wakiwa wawili, au mmoja, sharti hilo halipo. Basi jikoni kwangu hajaingia mkaguzi wa serikali hata mara moja. Anayekuja ni mfanyakazi wa shirika, tena hupiga simu kwanza kuniuliza siku gani itanifaa. Akifika huketi mezani na kuniuliza mimi. Wanakula? Wanalala? Wamepelekwa kwa daktari? Nikisema ndiyo, anaandika ndiyo, tunatia sahihi, anaaga. Mmoja wa hawa ndugu zangu hatumii maneno. Akiwa na maumivu huuma ngumi yake, na akifurahi hupiga makofi taratibu. Aliyekaa naye saa moja atajifunza kumsoma. Mfanyakazi yule hajawahi kuomba kukaa naye saa hiyo, mimi nikiwa nje.

Watu watasema, kama unawatunza vizuri, unalalamika nini? Nalalamika kwa sababu karatasi zangu na karatasi za mlezi mwovu zinafanana.

Mwezi Oktoba 2018, Port Coquitlam, si mbali na hapa, mama wa miaka 54 aliyezaliwa na hali ya Down alikufa kwa njaa ndani ya nyumba ya familia alimowekwa na mpango huu huu. Kwa njaa, katika nchi yenye maduka yaliyojaa chakula kila pembe. Mlezi wake alikuwa akilipwa. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kushindwa kumpa mahitaji ya lazima ya uhai, na Januari 2025 kifo hicho kikachunguzwa hadharani mbele ya baraza la wananchi. Mwili wa mtu mzima haukondi hadi kufa kwa usiku mmoja. Ulihitaji macho tu: mtu wa kufungua mlango wa chumba, kumpandisha kwenye mizani, kuuliza mara ya mwisho daktari alimwona lini.

Wala serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Mwaka 2021 Mkaguzi Mkuu wa jimbo alichunguza jinsi Community Living BC, chombo cha serikali kinachosimamia huduma hizi, kinavyofuatilia nyumba hizi, akakuta kwamba ufuatiliaji wenyewe ulikuwa na mapengo. Ni maelfu ya watu wanaoishi hivi. Ripoti ilitoka, mapendekezo yakakubaliwa, na mimi bado naulizwa siku gani itanifaa.

Simtetei anayetaka kuturudisha kwenye majumba makubwa ya zamani ya kuwaweka watu wenye ulemavu. Woodlands, jumba mojawapo lililokuwa New Westminster, jimboni humu, lilifunguliwa mwaka 1878 na halikufungwa hadi 1996. Uchunguzi ulioagizwa na serikali baadaye ulionyesha kwamba wakazi wake, watoto kwa wakubwa, walipigwa na kunajisiwa kwa miaka mingi. Kuwahamishia watu katika nyumba za kawaida, penye sebule, majirani na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, kulikuwa kuzuri na bado ni kuzuri. Lakini Woodlands lilidumu kwa sababu walio nje hawakuingia kutazama, na ukuta wa nyumba yangu unaweza kuficha mambo sawasawa na ukuta wa pale. Mle angalau walikuwapo mashahidi wengi. Kwangu yupo mmoja asiyesema, na mwenziwe ambaye maneno yake yanapuuzwa.

Nimeambiwa ukaguzi utaifanya nyumba iwe kama hospitali na kuwafukuza walezi. Vuka mpaka tu, uende jimbo la Washington, Marekani. Huko nyumba inayotunza watu wazima wawili wasio jamaa tayari inahitaji leseni, na mkaguzi huja bila kubisha hodi kwa simu. Nyumba hizo zipo kwa maelfu, na Wakenya wanaoziendesha si haba. Kinachowafukuza walezi wa huku ni malipo madogo na kukosa mtu wa kutupokea zamu tukichoka. Mlezi aliyechoka asiyetembelewa ni hatari hata kama ana moyo mwema, na mkaguzi mzuri angeliona hilo mapema kuliko mtu yeyote.

Ninachokidai kinaeleweka. Leseni ianzie kwa mtu mmoja. Ziara za ghafla zifanywe na mtu asiyelipwa na shirika lililotoa mkataba. Kila ziara, mkazi aonwe peke yake, na asiyesema aletewe mtu anayejua kumsoma. Daktari amwone kila mwaka, na uzito wake uandikwe na daktari, si na mimi.

Na ninyi mlio Kenya, mpango wa kitaifa wa mwaka 2022 unawatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia hadi 2032. Ni jambo jema. Ulizeni maofisa wenu sasa: mtoto mwenye ulemavu wa akili akifikisha miaka 18 akiwa katika familia ya kumlea, nani ataendelea kubisha mlango huo?

Wenye jamaa katika nyumba hizi msingoje sheria. Nendeni bila kutoa taarifa, ombeni kuona chumba na daftari la dawa, kaeni na mtu wenu faraghani. Mlezi akikasirika, mpigieni anayemsimamia siku hiyo hiyo, na jibu mlitake kwa maandishi.

Mlezi,
Surrey, British Columbia