Mlango Hufunguliwa na Mwenye Nyumba

Ikitoka filamu ya kutisha inayohusu familia iliyoandamwa na waabudu shetani, mahubiri yake huwa yameshaandikwa kabla hatujaiona. Adui yuko nje, amevaa joho, ananyemelea. Dawa ni watu wa nyumba moja kufunga milango, kushikamana na kusali pamoja, kwa kuwa familia ni ngome. Hayo utayasikia kwa wachungaji, kwa wazazi wanaozima televisheni, na hata kwa mashabiki wa filamu wanaojiita wajuzi. Ni imani tamu, na ni ya uongo. Linaloudhi zaidi ni kwamba filamu zilizo bora katika fani hii zimekuwa zikiikanusha waziwazi kwa zaidi ya miaka 50, nasi tunazitazama tukiwa tumeshaamua zitatuambia nini.

Tuanze na Rosemary's Baby ya mwaka 1968, aliyoiongoza Roman Polanski kutoka riwaya ya Ira Levin. Rosemary na mumewe Guy, mwigizaji ambaye kazi hazimjii, wanapanga katika jengo kuukuu la New York. Jirani zao ni wazee wawili, Minnie na Roman Castevet. Ruth Gordon alipewa Oscar kwa kumwigiza Minnie, na aliistahili, maana mama huyu hatishi hata kidogo. Ni yule jirani unayemjua wewe: anapiga hodi bila sababu, anaangaza macho sebuleni, anauliza kiti kile mlikinunua shilingi ngapi, kisha anataka kujua mtoto atakuja lini. Angeishi Kariakoo au Kongowea, tungemsifu kwa ujirani mwema.

Sasa kundi lake la waabudu shetani linaingiaje? Halivunji dirisha wala halisomi uganga kizingitini. Linazungumza na mume. Roman anamvuta Guy kando wakati wanawake wanaosha vyombo, na baada ya siku chache mwigizaji aliyempokonya Guy nafasi anapofuka ghafla. Nafasi inakuwa ya Guy, na malipo yake ni tumbo la mkewe. Usiku wa malipo hayo ni Guy anayemshurutisha Rosemary amalize kitindamlo cha chokoleti alicholetewa na Minnie. Rosemary anasema kina ladha ya chaki, mume ananuna kwamba yeye kila kitu ana dosari nacho. Asubuhi mwili umejaa mikwaruzo. Guy anajibu kwa wepesi: alimwingilia akiwa hajitambui, hakutaka siku za kushika mimba ziwapite. Rosemary anaumia, lakini anayakubali maelezo hayo. Angeyakataaje, naye ni mumewe?

Kabla hatujamcheka mwanamke wa Marekani wa miaka ya 60, tukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya, ya mwaka 2006, ilipoeleza maana ya tendo la makusudi na lisilo halali, iliwaondoa kabisa waliooana kihalali. Bunge liliketi, likajadili, likaandika kwamba chumba cha mume na mke kina utaratibu wake. Kundi la Castevet lilihitaji chumba cha namna hiyo hasa.

Miaka 50 baadaye Ari Aster alitoa Hereditary, filamu ya 2018, na humo hata jirani hahitajiki mwanzoni. Inaanza na tangazo la kifo cha nyanya, Ellen. Kwenye mazishi Annie, binti wa marehemu, anashangaa kuona nyuso nyingi asizozijua. Baadaye tunagundua kwamba Ellen ndiye aliyekuwa malkia wa kundi, na kwamba aliutafuta uzao wake kwa miaka mingi ili aukabidhi kwa Paimon, mmoja wa wafalme wa kuzimu. Nadhani sentensi nzito kuliko zote humo si ya shetani. Ni ya Annie, akiwaeleza wenzake waliofiwa kwamba yeye alimficha mtoto wake wa kwanza, Peter, ili mama yake asimsogelee. Kwa hiyo alipozaliwa wa pili, Charlie, akampa. Alimpa kwa hatia, ili mama asisononeke na ukoo upate amani. Ni wazazi wangapi hapa kwetu wamemkabidhi mtoto kwa mtu waliyemtilia shaka, kwa kuwa kumnyima kungeleta maneno ukoo mzima?

Tuna methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Tunaitumia kwa karani aliyekula pesa za chama au kwa msichana wa kazi. Ukiitumia kwa mama, umekosa adabu.

Nje ya filamu, mwaka 1994, uvumi wa ibada za shetani ulipopamba moto Kenya, Rais Moi aliunda tume ya uchunguzi chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Miaka ile watu walikagua pete za wenzao, wakaziogopa nyimbo za kigeni, wakatupia macho majumba ya Wamasoni. Walimtafuta mgeni. Aliyekuja kutajwa na dunia nzima hakuwa na pete ya ajabu; alikuwa na Biblia, alihubiri Malindi, na mahubiri yake yalirushwa hewani. Paul Mackenzie ameyakana mashtaka yanayomkabili, na mahakama itaamua. Ila kilichofukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023 hakina ubishi: miili zaidi ya 400, mingi ikiwa na dalili za njaa, na baadhi, ikiwemo ya watoto, ikiwa na dalili za kukabwa au kuzibwa pumzi. Watoto wale hawakutekwa njiani na watu wenye majoho. Wengi waliingia msituni wameshikwa mkono na wazazi wao.

Kanungu, Uganda, ni vilevile. Kanisa la wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliteketea tarehe 17 Machi 2000 likiwa na mamia ya watu ndani. Kiwanja cha kanisa hilo kilikuwa ardhi ya baba yake Mwerinde. Padri Dominic Kataribaabo, mmoja wa viongozi, alikuwa msomi aliyepata shahada Marekani. Maiti nyingine zilipatikana zimezikwa chini ya nyumba yake. Waliokufa walikuwa wameuza mali na kuhamia huko, mume, mke na watoto. Kama kushikamana ni kinga, hakuna familia zilizokingwa kuliko hizo. Akishawishika mmoja mwenye sauti nyumbani, mshikamano ndio unaowabeba waliobaki.

Nitajibiwa kwamba Shakahola ilifichuliwa kwa sababu ndugu walipiga kelele. Ni kweli, na wanastahili heshima. Lakini walikuwa ndugu gani? Walioachwa nje: babu, shangazi, mume aliyerudi akakuta chumba kitupu. Kumbe tayari Machi 2023 mhubiri huyo alikuwa amekamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili walioshindishwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Kilio cha aliye nje kilikuwa kidogo mbele ya neno la mzazi aliye ndani. Mtoto ni wake, imani ni yake, wewe shangazi unatafuta nini?

Katika Rosemary's Baby yumo mtu mmoja ambaye wahubiri wa ngome hawamtaji kamwe. Ni Dkt. Hill, daktari kijana ambaye Rosemary, mimba ikiwa pevu, anamkimbilia na kumwaga kila kitu: majirani, mume, dawa, kitabu cha wachawi. Hill si mwanachama wa kundi. Anamsikiliza kwa upole, anampa mahali pa kulala, anamwambia apumzike. Halafu anapiga simu. Rosemary akifumbua macho, mlangoni wamesimama mume wake na daktari mzee wa kundi la akina Castevet, wamekuja kumchukua. Hapana uovu moyoni mwa Hill. Alimwona mwanamke aliyechanganyikiwa, akamrudisha kwa wenyewe, kama anavyofunzwa kila mtu mwema.

Nasi tunafanya hivyohivyo kila wiki. Mtoto akikutwa amelala sokoni, anapelekwa kituoni au kwa mzee wa mtaa, na swali la kwanza ni jina la baba. La pili ni namba ya simu. Kwa nini alitoroka ni swali la tatu, na kwa kawaida, kabla hajafika katikati ya jibu, baba ameshafika, anawashukuru wote na kumwambia mtoto avae viatu.