Imana Hana Gemu

Nilikuwa likizo nyumbani Kasanda, mvua ikanikamata njiani, nikajibanza kwenye banda la gemu. Vijana wawili walikuwa na pedi mkononi. Wengine kama kumi nyuma yao walikuwa na mdomo tu. Ubishi ulikuwa uleule utakaousikia Mwanza au Sinza: kwenye God of War, kati ya miungu wa Ugiriki na wale wa Skandinavia, nani mkali zaidi?

Upande mmoja ulisema Zeus, maana Kratos alianza kuhangaika naye kwenye gemu ya 2007 na hakummaliza mpaka ile ya 2010. Upande wa pili ulisema Thor, maana kwenye Ragnarök, gemu ya 2022, anampiga Kratos mpaka roho inamtoka, kisha anamrudisha kwa radi kwa sababu bado hajatosheka kumpiga. Hoja nzito hizo, tena kwa sauti nzito. Nikachokoza: "Na Imana mnamweka namba ngapi?"

Wakacheka. Mmoja, mdogo kuliko wote, akanijibu bila dharau yoyote: "Kaka, Imana hana gemu. Kwani kampiga nani?"

Jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo. Dogo hana kosa. Kafundishwa kipimo kibovu, na waliomfundisha si watengeneza gemu. Ni sisi wapenzi wa hadithi, tunaoandika na kusambaza orodha za "miungu kumi wenye nguvu kuliko wote", tunaogeuza kila simulizi kuwa pambano la ndondi.

Hebu tuwaulize wenye hadithi zao. Snorri Sturluson, aliyeandika Iceland karne ya 13, anasimulia Thor alivyoingia kwenye ukumbi wa majitu akitamba, akapewa bibi kizee apigane naye mieleka. Thor akavuta, akasukuma, mwisho akapiga goti moja. Baadaye ndipo akaambiwa yule bibi alikuwa ni Uzee wenyewe. Kwa Homer nako, Ares, mungu wa vita, anachomwa mkuki na Diomedes, binadamu tu aliyesaidiwa na Athena. Anapiga yowe, anakimbilia kwa baba yake kushtaki, na Zeus anamkaripia. Hao wazee walijua nguvu ni nini, ndiyo maana waliicheka.

Halafu kuna jambo orodha hizo zinaliruka. Miungu wa Ugiriki hawafi. Wa Skandinavia wanakufa, na Odin anajua kabisa kwamba mbwamwitu Fenrir atammeza. Ukiwapanga kwenye jedwali moja ni kama kuuliza kati ya Ziwa Tanganyika na mwezi wa masika nani mrefu.

Cha ajabu, gemu yenyewe inalijua hili kuliko wabishi wake. Kwenye God of War III, Poseidon akiuawa bahari inafurika. Helios akifa giza linafunika jua. Hermes akifa tauni inasambaa. Hera akifa mimea inanyauka. Waliotunga walielewa kwamba mungu hapimwi kwa mstari wa damu juu ya skrini. Anapimwa kwa kile ambacho dunia inakipoteza akiondoka. Sisi tukabonyeza vitufe, tukahesabu maiti, tukasema tumecheza.

Sasa turudi huku kwetu. Ibada ya kubandwa ilienea Rwanda, Burundi na Buha pia. Mkubwa wake kwa Wanyarwanda ni Ryangombe. Warundi wanamwita Kiranga. Wanyarwanda wanasimulia kwamba mama yake alimkataza kwenda kuwinda siku hiyo. Akaenda. Nyati akamuua kwa pembe, na mti wa umuko, wenye maua mekundu, ukampokea. Kwa hesabu za banda la gemu, huyo ni sifuri: kauawa na mnyama! Lakini ni baada ya kifo hicho ndipo watu walianza kumwendea na magonjwa yao, utasa wao na hofu zao. Nguvu yake ilianzia pale yenu inapoishia.

Na Imana? Hana ngumi wala mpinzani. Amekaa ndani ya majina ya watu: Hakizimana, Habonimana. Wanyarwanda husema Imana hushinda kwingine, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Mungu anayerudi nyumbani kulala! Mtafutieni huyo namba kwenye orodha yenu.

Mtasema nataka watoto waache pedi wakasikilize bibi. Hapana. Mimi mwenyewe gemu ilinifikisha kwa Homer, shule haikunifikisha. Wala sitaki kesho atokee mtu amtengeneze Imana mwenye kifua kama cha Kratos ili na sisi tuonekane tumo. Huko kutakuwa ni kushindwa mara ya pili.

Ninachokataa ni kipimo, maana hakiishii bandani. Ndicho tunachokitumia hata kwenye fasihi: Shaaban Robert na Kezilahabi nani mkali, Ngũgĩ na Achebe nani kamzidi mwenzake. Tunabishana mpaka usiku, na vitabu vimefungwa mezani. Mtoto anayekua akisikia hivyo ataamini kwamba kisichopigana hakipo, na kwamba babu zake hawakuwa na lolote kwa sababu hawakuwa na mshindi.

Mvua ilipokatika nilimsimulia yule dogo habari za Ryangombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa kwa nini hakumsikiliza mama yake?"

Hakuuliza nyati alikuwa na damu kiasi gani. Wakubwa, tuanzie hapo.