Motokari ya plaki ya Kongo, nyumba ya Zambia

Likizo kubwa inakaribia, na katika vikundi vyetu vya Lubumbashi ulizo limerudi. Jamaa wana nyumba ndogo Chingola, Kitwe ao Ndola, wanafikia pale mara mbili tatu kwa mwaka. Bwana anasema: «Tuache motokari kule, turudi na basi. Likizo ingine tutaikuta.»

Bwana hakosi sababu. Kufika Kasumbalesa ni kilometa karibu 90 tu, lakini siku makamyo ya shaba yamepanga foleni, kuvuka kwa mguu na begi ni rahisi kuliko kuvuka na motokari. Hata hivyo sisi tunasema wazi: isibaki kule.

Mgeni akiingiza motokari Zambia kwa muda, duane haimlipishi ushuru wa kuingiza, kwa sababu motokari haikuja kukaa. Anapewa karatasi yenye jina lake, namba ya plaki na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo inaendelea kutembea hata motokari ikiwa imelala chini ya turubai ndani ya parsele. Kwa duane, motokari isiyotembea bado iko ndani ya inchi. Siku zikipita, wanaweza kudai ushuru pamoja na amande, na hata kuikamata. Mtu anaweza kuomba kuongezewa siku, lakini anaomba mbele tarehe haijafika. Sasa, ninyi mko Lubumbashi, nani ataenda kuomba? Sentineli? Jina lake haliko kwenye karatasi.

Jina, ndilo neno tunalotaka mama alikamate. Mara nyingi motokari imeandikwa kwa jina la bwana. Bwana anapeleka jamaa, anakaa siku nne, anarudi kazini. Mama anabaki na watoto wiki tatu, na ni yeye anayeendesha kwenda soko na kwenda kwa dokta. Polisi akimsimamisha, anatoa permi yenye jina lake, carte rose yenye jina la mwingine, na karatasi ya duane yenye jina la mwingine. Ataeleza mpaka jua lizame. Basi bwana aandike barua ya ruhusa mbele ya notere, yenye namba ya plaki na ya shasi, na itafsiriwe kwa Kiingereza, maana polisi wa kule hasomi Kifaransa. Mkifika mpakani, muulize pia duane kama mama anaweza kuandikwa pale kuwa mwendeshaji.

Ao motokari iandikwe kwa jina la mama toka mwanzo. Kuna wamama wanaofikiri bado sheria inakataza. Sheria ya 2016 iliyorekebisha Kodi ya Jamaa iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke aliyeolewa alilazimika kuomba mbele ya kufanya mapatano. Yule anayebaki na motokari, tunaona ni haki awe na jina.

Tuseme na neno gumu. Bwana akifariki na motokari iko Kitwe kwa jina lake, mjane hawezi kuvuka nayo hivi hivi. Atadaiwa karatasi za urithi, na wakati anazitafuta akiwa bado kwenye kilio, tarehe ya duane inapita, na jamaa ya bwana wanauliza ufunguo uko wapi.

Ufunguo wenyewe nao ni shida. Shemeji anayekaa kule ataomba motokari kwa ajili ya arusi, Jumamosi moja tu. Lakini ruhusa ilipewa mgeni kwa matumizi yake, si mkaaji wa Zambia. Akigonga mtu, mtajibu ninyi. Carte jaune ya COMESA, ambayo Kongo na Zambia zote zinaitambua, inalipia madhara mliyomfanyia mtu mwingine. Motokari yenu ikipondeka ao ikiibwa, carte jaune hailipi kitu. Na iwe bado ndani ya siku zake. Iliyoisha ni karatasi ya kufungia karanga.

Kule wanafuata kushoto. Kama usukani wenu uko kushoto, kupita kamyo ni hatari, kwa maana mwendeshaji haoni mbele mpaka motokari iwe imeshatoka nusu. Mtu mzima akae kiti cha kuume, awe macho yake. Kiti kile si cha mtoto.

Jamaa wanaoenda kule kila mwezi, hao ni hesabu ingine. Wanunue motokari ndogo ya plaki ya Zambia, ibaki pale pale. Ila wajue kwamba siku wataileta Lubumbashi, duane yetu itawauliza maulizo yaleyale.

Na mnaporudi na motokari, msipite mpaka karatasi ile haijafungwa. Hakikisheni wameandika kwamba imetoka, mbaki na kopi nyumbani. Bila hiyo, kwenye mashini yao motokari bado iko Zambia, na mwaka kesho mtalazimika kueleza.

Wiki ijayo tutaongea juu ya karatasi za mtoto anayevuka mpaka na mzazi mmoja.