Msizime Kabla Majina Hayajaisha

KIBARAZANI, na Babu Chande

Mwenye ukumbi anayekata filamu kabla majina hayajamaliza kupita anawadhulumu watu. Nalisema mapema, kwa sababu Jumamosi iliyopita nililishuhudia hapa Dar es Salaam, na mpaka naandika halijanitoka moyoni.

Ilikuwa filamu ya vijana wa hapa hapa, waliyoitengeneza kwa kuchangishana. Safu ya mbele yangu aliketi dada mmoja na mama yake, aliyekuja kwa basi la asubuhi kutoka Kilosa, khanga yake ingali na mikunjo ya dukani. Picha ilipokwisha likapita jina la mwongozaji, la mtayarishaji, kisha ya waigizaji wakubwa. Dada akainua simu, tayari kupiga picha. "Subiri mama, langu liko huku chini." Papo hapo skrini ikawa nyeupe. Taa zikawaka, wafagiaji wakaingia kukusanya bisi. "Ndiyo limeshapita?" mama akauliza. "Limepita, mama. Twende." Halikuwa limepita.

Niliwafuata nje. Baada ya salamu nikamuuliza dada alifanya kazi gani. Akatoa mkobani daftari la shule, jalada lina doa la chai. Yeye alisimamia mwendelezo, yaani kuhakikisha mhusika anabaki vile vile kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ukurasa mmoja alikuwa ameandika: "Kikombe mkono wa kulia, chai nusu. Kifungo cha pili wazi. Jasho shavuni." Nusu ya pili ya mazungumzo ya kipande hicho ilipigwa siku nyingine kabisa, na bila daftari lile mhusika angeanza kunywa kwa kulia akamalizia kwa kushoto, ukumbi mzima ukaguna. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Na si hiyo tu. Filamu moja alishona magauni, nyingine alishika kibao. Kuna aliyopika pilau ya kambi nzima, na mchana ule ule akavishwa koti jeupe akawa nesi, maana aliyepangwa hakutokea. Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo hajui anachotaka. Nawakatalia kabisa. Filamu zetu za fedha kidogo zinasimama juu ya mabega ya watu hawa. Robert Rodriguez wa Marekani alipotengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, kwa dola kama 7,000, alishika kamera mwenyewe, akahariri mwenyewe, na dunia ikamwita hodari. Binti wa Kilosa akishika kazi nne anaitwa mbangaizaji.

Malipo yake yalikuwa nauli, chakula, na ahadi. Kilichobaki mkononi ni jina. Kwa jina hilo mtayarishaji mwingine atamtafuta, na kwa jina hilo mama yake ataamini kwamba zile wiki za kurudi nyumbani usiku wa manane zilikuwa kazi kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake. Lakini anayeandika kikombe kiko mkono gani si mtunzi, wala anayeshika maiki, wala anayelinda jenereta. Kwao ile orodha ya mwisho ndiyo cheti.

Waongozaji nao wasijifiche nyuma yangu. Mnajiandika mara tano, hadithi yako, skripti yako, wazo lako, halafu fundi wa taa mnamtupa kwenye "na wengineo". Huyo "wengineo" ana jina alilopewa na wazazi wake. Mwandikeni, tena kwa herufi zinazosomeka.

Narudi kwa mwenye ukumbi. Kabla ya filamu ulituonyesha matangazo ya soda, ya simu na ya benki, tukayatazama yote mpaka mwisho, na fundi wako hakukata hata moja. Utaniambia yale yamelipiwa. Na majina yale pia yamelipiwa, bwana, na waliolipa ndio uliowazima.