Mkuki kwa Nguruwe, Sindano kwa Tumbili

Wahenga walilonga kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Aghalabu methali hii hufunzwa madarasani kama kemeo kwa mtu asiyejali machungu ya mwenziwe, na nguruwe mwenyewe husahaulika pindi fumbo lifumbuliwapo. Makala haya yanakusudia kumrudia nguruwe huyo, pamoja na tumbili, nyani na panya wa maabara, ambao hudungwa sindano ili mwili wa binadamu usalimike. Je, ni haki kumuumiza mnyama kwa ajili ya kutafuta tiba ya mwanadamu? Msimamo wangu ni kwamba, pale ambapo hapana njia nyingine, yaweza kuwa halali kumtumia; lakini si halali kumgeuza kifaa, na anayemtumia anadaiwa hesabu ya kila uhai alioutwaa.

Tuanze na lugha, maadamu ndiyo fani yetu. Mwanafunzi yeyote wa sarufi anafahamu kuwa mnyama, awe na kiambishi gani, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Kiboko amelala, kipepeo ameruka, kifaranga analia. Kiti, kisu na kikombe havina bahati hiyo. Hata mbuzi hubaki "yeye" hadi akatiwe mekoni, ndipo nyama "ikaiva". Sidai kwamba sarufi ni sheria ya maadili, kwani wasemaji wa Kiswahili, kama watu wengine, wamewinda na kuchinja tangu jadi. Ninachodai ni kwamba lugha yetu haikuruhusu kumtaja mnyama aliye hai kwa namna moja na kisu kinachomchinja.

Maabara za karne ya ishirini ziliusahau upatanisho huo. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, ambayo mafanikio yake yalitangazwa mwaka 1955, ilitengenezwa kwa kukuza virusi katika seli za figo za kima, na haja ya wanyama hao ikawa kubwa mno. Mnamo mwaka 1967, tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda walifikishwa katika maabara za Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia. Punde si punde, wafanyakazi waliowapasua na kushughulikia viungo vyao wakashikwa na homa kali ya kuvuja damu. Watu 31 waliugua, 7 miongoni mwao wakafariki. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg. Waliochukuliwa kuwa malighafi walidhihirika kuwa viumbe wenye damu na maradhi yanayoingiliana na yetu.

Hapa ndipo penye utata wa kadhia nzima. Mtafiti humchagua tumbili kwa sababu anafanana nasi. Kisha huhalalisha maumivu yake kwa hoja kwamba hafanani nasi. Hoja hizi mbili haziwezi kukaa chungu kimoja bila kugombana. Kadiri mnyama anavyotufaa kwa mfanano wake nasi, ndivyo deni letu kwake linavyozidi.

Hata hivyo, tusijifanye vipofu mbele ya manufaa. Mnamo Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa imetokomeza virusi vya polio vya asili, ushindi ambao haungepatikana bila chanjo hizo. Mwaka 2024, homa ile ile ya Marburg ilizuka Rwanda. Watu 66 waliambukizwa na 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa, lakini ilikuwapo ya majaribio, iliyokwisha kujaribiwa kwa kima, na wahudumu wakaanza kuipokea. Nani angethubutu kumwambia muuguzi wa Kigali kuwa afadhali kima angeachwa?

Wapo pia watakaoniuliza: mbona tunawalilia tumbili ilhali tunakula mbuzi choma kila Jumamosi? Swali hili ni zito, lakini halifuti deni. Linatukumbusha tu kwamba tuna madeni mengi. Aliyekosea mara mbili hapati ruhusa ya kukosea mara ya tatu.

Deni hilo lalipika vipi? Mwaka 1959, wanasayansi wa Uingereza, Russell na Burch, walipendekeza kanuni tatu: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi ya wanaotumiwa, na kupunguza maumivu yao. Kanuni hizi si ndoto. Mwaka 1962 nchini Japani, seli zilitolewa katika figo ya tumbili mmoja, na kizazi cha seli hizo, kiitwacho Vero, kingali kinakuzwa maabarani na kutengenezea chanjo, zikiwemo za polio na kichaa cha mbwa. Tumbili mmoja amewaokoa wenziwe wasiohesabika.

Kenya si mtazamaji katika suala hili. Kituo kilichoanzishwa na Louis Leakey huko Tigoni ndicho chimbuko la taasisi yetu ya utafiti wa jamii ya nyani, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, inadhibiti majaribio ya aina hii. Lakini ni Wakenya wangapi wanaoyajua hayo? Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ni rai yangu, basi, kwamba kila utafiti unaotumia wanyama uambatane na muhtasari wa Kiswahili uelezao ni wanyama wangapi wametumiwa, kwa nini hapakuwa na mbadala, na waliumia kiasi gani. Nasi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii tuwe tayari kuunda istilahi zitakazohitajika. Mtafiti atakayelazimika kuandika kwa Kiswahili kwamba tumbili "ameumia" na "amekufa" hatapata kichaka cha kujificha, kwa kuwa hataweza kuandika kwamba "kimeharibika".