SAFU YA MWALIMU: Tanga Si Mji wa Kupita



Mwaka uliopita familia kadhaa tulikodi basi tukaenda Berkeley Springs, West Virginia, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Ni mji mdogo wenye machimbo ya mchanga wa kutengenezea kioo, na chemchemi ambayo George Washington alikuwa akienda kuoga. Maji yake hayafiki hata nyuzi 24. Tulipokuwa tumekaa ukingoni, mjukuu wangu wa miaka 13 aliniuliza, "Babu, kwenu kuna maji kama haya?" Nikamwambia yapo, tena ya moto kweli, katika mji niliofundisha miaka ya 1980. Akauliza, "Mbona hatujaenda?" Wakubwa tukatazamana.

Ukweli ni kwamba sisi tukienda nyumbani huteremka Dar es Salaam, tukavuka Unguja, tukarudi. Tanga huenda mtu mmoja mmoja kwa maziko, akalala usiku mmoja. Mwaka 2019 nilipokwenda kumzika shemeji, dada yangu mkubwa aliye Ngamiani aliniambia, "Mdogo wangu, nyinyi siku hizi mnakuja kutuzika tu." Sikuwa na la kumjibu.

Basi Julai iliyopita nilimchukua kijana tukaenda kwa siku kumi.

Wengi husema Tanga hakuna kitu, viwanda vimekufa. Ni kweli kwamba mji umepata pigo. Reli ya Wajerumani ilianza pale mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka. Kiwanda cha mbolea nilichokuwa nikipita karibu yake kimenyamaza. Lakini saruji ya Pongwe bado inatoka, bandari inafanya kazi, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kuishia Chongoleani. Mji haujafa, ni sisi tuliouzika kabla ya wakati wake.

Siku ya tatu tulikodi gari, tukamchukua dada, tukaelekea Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwa njia ya Horohoro. Mapango ya mawe ya chokaa kijana aliingia na mwongoza wageni; mimi na dada tulingoja nje. Alitoka akisimulia popo, na habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwindwa na serikali ya kikoloni.

Kisha tukaenda kwenye chemchemi za Galanos, zilizopewa jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Msitarajie marumaru wala taulo nyeupe. Maji yananuka kiberiti, mithili ya mayai viza, na kijana alishika pua. Dada alikunja kanga, akatia miguu palipopoa kidogo, akafumba macho. Sisemi maji yalimponya magoti. Nasema alikaa saa nzima akimhadithia mjukuu habari za baba yetu, mambo ambayo hata mimi nilikuwa siyajui.

Baadaye tulipanda Amani kwa njia ya Muheza. Bustani ya mimea ya pale ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu wake umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Wenye vile vijiua vya zambarau dirishani hapa Adelphi, mnavyonunua dukani ndani ya vikopo, jueni kwamba asili yake ni misitu hiyo ya Usambara na miamba ya karibu na Tanga. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alivipeleka kwao, na mwaka 1893 vikapewa jina lake. Florida ilitupa mkonge, nasi tukaipa dunia ua.

Ushauri wangu ni huu. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Kutoka Dar kwa basi ni saa sita hivi. Tengeni siku nne kwa uchache, na msiwaache watoto hotelini. Walaleni kwa jamaa, hata kama godoro ni chini.

Muhimu zaidi, msingoje simu ya usiku. Wazee wetu walio kule wanahesabika kwa vidole, na kila mwaka kidole kimoja kinakunjwa.

Siku ya kuondoka dada hakutaja maziko. Alimshika kijana mkono akamuuliza, "Mwakani utakuja na nani?"

Wenu,
Mwalimu