Mlango wa Maktaba ni wa Nani?

Katika miji yetu mingi ya mikoa lipo jengo moja ambalo wakazi hulipita kila siku wakienda sokoni, hospitali au kituo cha mabasi, wala wasifikirie kuingia ndani. Si kwamba hawalijui. Mwulize mama auzaye ndizi nje ya ukuta wake, naye atakujibu bila kusita: "Ile ni maktaba, ya wanafunzi." Jibu hilo fupi lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo juma hili nimeona tulizungumze katika ukurasa huu wa nyumbani badala ya kuwaachia waalimu peke yao.

Ukiingia katika maktaba ya mkoa siku ya kazi, hasa mitihani inapokaribia, utawakuta vijana wamejaa mezani tangu asubuhi. Tazama vizuri wanachokisoma. Aghalabu ni madaftari yao na vitabu vyao wenyewe waliokuja navyo mkobani. Hawakufuata kitabu, wamefuata meza, kiti, mwanga na utulivu. Mimi siwalaumu hata kidogo. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haina pembe ya kufanyia hesabu za kidato cha nne, na kijana aliyeitafuta pembe hiyo kwingine anastahili pongezi. Walakini mambo yakiishia hapo, maktaba hugeuka kuwa chumba cha kungojea mtihani. Mtihani ukipita, kijana haonekani tena. Mama yake hakuonekana tangu mwanzo. Na mdogo wake wa darasa la pili, ambaye pengine ndiye mwenye haja ya kitabu kuliko wote, yuko nyumbani ambako kitabu pekee ni daftari lake la shule.

Sivyo ilivyokusudiwa. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, mwezi Desemba 1967, watu wazima wasiojua kusoma katika nchi hii walikuwa wengi kuliko wajuao. Hesabu ya mwaka ule ilionyesha asilimia 67. Mtu angaliweza kuuliza, tena kwa haki, jumba kubwa la vitabu ni la nini katika nchi ya namna hiyo. Jibu lilitolewa kwa vitendo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo, ambayo wengi waliyaita ngumbaru, yakaenea chini ya miembe na katika majengo ya shule wakati wa alasiri. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa juu ya pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani, ili mtu ajifunze herufi na kazi yake kwa pamoja. Ulipofanywa mtihani wa taifa, Agosti 1975, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Huduma za Maktaba nazo hazikukaa zikingoja wasomaji mjini: katika miaka hiyo yalikuwapo magari yaliyopeleka vitabu nje ya miji, na palikuwa na utaratibu wa kuazima vitabu kwa posta. Huko Mwanza likaanzishwa, mwaka 1974, gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho.

Lakini mfano ninaotaka tuutazame kwa makini haukutoka darasani wala maktabani. Ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka. Watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vyao, mijini na vijijini. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja ajuaye kusoma akawasomea wenzake sehemu ya kitabu kilichotayarishwa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo yakaja majadiliano: je, hapa kwetu malaria inaletwa na nini? Kichocho je? Safura? Kuhara damu? Hapakuwa na mtu wa kuwaambia wanyamaze, kwani kubishana ndiko kulikotakiwa. Mwisho wakakubaliana la kufanya kabla ya mkutano ujao, kama vile kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi au kuchimba choo. Naomba tuliangalie jambo hilo kwa utulivu. Asiyejua kusoma hakuambiwa akae nje mpaka ajue. Aliingia kikundini, akasikia, akasema, akashika sepetu, na njiani akavutwa na hamu ya kujua kile mwenzake alichokuwa akikiona katika karatasi. Kitabu kilikuwa mali ya wote waliokaa pale, ingawa msomaji alikuwa mmoja.

Kilichofuata katika miaka ya 1980 kinajulikana. Uchumi ulikuwa mgumu, karatasi ikawa adimu, na mahali pengi watu waliomaliza kisomo hawakupata kitu kipya cha kusoma. Kusoma ni kama njia ya shambani: usipoipita, majani huifunga. Binti aliyepata cheti chake cha kisomo mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka ishirini, leo ni bibi wa zaidi ya miaka sabini. Wapo mabibi wanaosoma magazeti na vitabu vyao vya dini hadi sasa, na Mungu awazidishie. Wapo pia ambao herufi zimewatoka. Huyo wa pili ujumbe ukiingia katika simu yake ya mkononi, hata ule unaohusu fedha zake mwenyewe, hana budi kumwita mjukuu amsomee. Siri ya kipato chake iko kinywani mwa mtoto wa darasa la sita, au, vibaya zaidi, kinywani mwa jirani. Akitiwa katika kikundi cha kuweka na kukopa, hutia alama ya dole gumba chini ya masharti ambayo hakuyasoma. Wanaodhani kwamba maktaba ni jambo la anasa, la watu wenye nafasi, wamfikirie bibi huyo.

Sasa, ndani ya jengo lile lile wamo vijana arobaini wanaosoma vizuri, na nje ya ukuta wake wamo mabibi na watoto wasiosoma vizuri. Kinachokosekana ni shughuli ya kuwakutanisha. Kijana aliyekaa mezani tangu saa mbili asubuhi, akili yake huchoka kufikia saa tano. Mwombe akupe nusu saa. Ammalizie bibi barua, amsomee masharti ya mkopo neno kwa neno, amshike mkono katika herufi zilizompotea. Au awasomee watoto hadithi. Hatapungukiwa na kitu katika mtihani wake, na huenda akatambua kwamba kumweleza mtu jambo ni njia nzuri ya kulielewa mwenyewe.

Hiyo saa ya hadithi ina ufundi wake, wala si kumpa mtoto kitabu na kumwambia akae kimya. Watoto huketi mkekani, karibu kiasi cha kuona picha. Msomaji hukigeuza kitabu kiwatazame wao, husoma polepole, na kabla ya kufunua ukurasa huwauliza: mnadhani sungura atafanya nini sasa? Hapo ndipo makelele mazuri huanza. Mtoto aliyebashiri atataka kujua kama alibashiri sawasawa, na tamaa hiyo ndiyo imvutayo kukishika kitabu mwenyewe baadaye. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake, tena ya mbele. Nani asiyekumbuka Paukwa, Pakawa? Bibi na atoe hadithi aliyopewa na bibi yake. Mtoto mkubwa aiandike, mwingine aichore, karatasi zishonwe kwa uzi, na kile kijitabu kiwekwe katika rafu ya watoto. Naamini mjukuu atakiazima hicho kabla ya kingine chochote.

Majirani zetu wa Kenya wanatupa mafunzo mawili. La kwanza ni la Nairobi. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nene za mawe, ilifunguliwa mwaka 1931, na mpaka mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Sheria ile ilikwisha, lakini ngozi ya mtu haisahau upesi mahali ilipokatazwa. Mawe na chokaa visingetosha kuwarudisha watu. Kilichohitajika ni kuitwa. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi iitwayo Book Bunk, ambayo kwa makubaliano na serikali ya jiji imeshughulikia jengo hilo pamoja na maktaba mbili za mitaani, Kaloleni na Makadara. Paa na rangi vilihitajika, lakini pamoja na hayo wameweka vipindi vya watoto na mazungumzo ya wakazi, ili mtaa uwe na sababu ya kuingia. Nasi tusijione tofauti sana. Maktaba ya Tanga ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam iko kando ya barabara ambayo leo ina jina la Bibi Titi Mohamed, yule aliyepita mitaani kuwaita wanawake waingie TANU. Sijui kama aliyelichagua jina hilo alifikiria maktaba, lakini kazi ya kuwaita wanawake waingie bado ipo pale pale.

Funzo la pili ni la ngamia. Huko Garissa, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wahamao. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu vipatavyo 400, mwingine akabeba hema. Wakifika, hema likasimikwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakaja. Waliofanya hivyo hawakuwangoja wafugaji wajenge mji kwanza.

Najua mkutubi akiyasoma haya ataguna. Atasema kelele zitawaudhi wanaojiandaa kwa mitihani. Ni kweli, na haki yao ilindwe. Lakini saa mbili za Jumamosi, katika sehemu ya watoto, kibarazani au chini ya mti uani, hazimwangushi mtu mtihani. Jambo gumu zaidi ni ada. Tamko la UNESCO juu ya maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mara kadhaa, la mwisho likiwa la mwaka 2022, linashika kanuni kwamba huduma hiyo iwe bure. Mahali penye kiingilio, hata kikiwa kidogo, kwa mama mwenye watoto wanne si kidogo tena: ni unga wa siku hiyo. Ningependa wakubwa wanaohusika walitazame hili, angalau kwa siku ya hadithi. Kuhusu uchache wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, uchache upo, ila si ule wa zamani. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanza mwaka 1991, vitabu vingi vya kwetu, vyenye sura za watoto wa kwetu, vimechapwa. Mwulizeni mkutubi, huenda viko nyuma ya rafu, safi, kwa kuwa hakuna aliyeviomba.

Akina mama watakaotaka kujaribu, nawashauri waanze na watu wachache. Wawili au watatu wa mtaa mmoja waende kwa mkutubi siku tulivu, si wakati wa mitihani, wamwombe saa moja na pembe moja, na wamwambie watakuja na watoto wangapi. Jumamosi kabla ya saa sita hufaa mahali pengi, kwa kuwa wa msikitini na wa kanisani wote wana nafasi. Chagueni kitabu kifupi na mkisome nyumbani kwanza. Watoto wanawe mikono kabla ya kushika vitabu, na wadogo kabisa wakae na dada zao. Mikeka chukueni ya kwenu. Maktaba nyingi hazina.